Kifaa cha kulengea bunduki kisinunuliwe kwa maneno ya muuzaji

MJADALA kuhusu bunduki, hapa kwetu na ng'ambo, aghalabu huhusu idadi ya silaha hizo na mikono inayozishika. Ni nadra watu kujadili kile kifaa kidogo kinachokaa juu ya mtutu, ambacho ndicho humwonyesha mfyatuaji mahali risasi itakapotua.

Nchini Marekani suala hilo limepata uzito mpya katika mwongo mmoja uliopita kutokana na kuenea kwa karabini za risasi za bastola. Hizi ni bunduki fupi zenye kitako cha kuegemezwa begani, lakini ambazo hutumia risasi ile ile ya bastola.

Wanunuzi wake, wakiwemo wanamichezo, wenye nyumba na idara za polisi, hujiuliza swali moja: juu ya silaha hii kifungwe kifaa gani cha kulengea?

Huenda msomaji wa Nairobi au Mombasa akaliona swali hilo kuwa la matajiri wasio na la kufanya. Sivyo. Ndani yake mna somo kuhusu risasi inayofyatuliwa penye watu wengi, na kuhusu serikali inayonunua vifaa vya usalama kwa kuamini kijitabu cha matangazo.

Silaha yenyewe

Risasi inayotumiwa zaidi katika karabini hizi ni ya milimita 9, iliyobuniwa Ujerumani na Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20. Ndiyo risasi ya bastola za polisi katika nchi nyingi duniani, na hata kiwanda chetu cha Kenya Ordnance Factories Corporation, mjini Eldoret, huitengeneza.

Bastola hushikwa kwa mikono pekee, nayo hutikisika kwa pumzi na woga wa aliyeishika. Karabini hushikwa kwa mikono miwili, ikaegemezwa begani, na shavu likatua juu ya kitako. Kwa sababu hiyo hutulia, na hata mtu asiye na mazoezi mengi huweza kulenga vyema zaidi kuliko kwa bastola.

Umaarufu wake ulipanda kwa hatua. Mwaka wa 2016, shirika la USPSA linalosimamia mashindano ya kulenga shabaha Marekani liliipa karabini daraja lake. Desemba 2017 kampuni ya Ruger ikatangaza bunduki yake ya PC Carbine.

Aprili 2019 jeshi la Marekani nalo likaagiza bunduki fupi 350 za milimita 9, aina ya APC9K, kutoka kampuni ya B&T ya Uswisi, kwa ajili ya walinzi wa makamanda. Zabuni hiyo iligharimu takriban dola milioni 2.5. Bunduki hiyo hufyatua pia mfululizo, kwa hivyo si sawa na karabini ya raia, lakini swali la kulenga ni lile lile.

Umbali ndio hakimu

Kosa la kwanza la wanunuzi wengi ni kuanza na chapa ya kifaa badala ya kuanza na risasi. Risasi ya milimita 9 ni nzito na ya mwendo wa wastani. Ikitoka kwenye mtutu wa sentimita 40 huenda kwa takriban mita 400 kwa sekunde, ilhali ya G3, bunduki ambayo polisi wetu wameibeba kwa miaka mingi, huenda kwa karibu mita 800.

Tuseme karabini imesawazishwa ili risasi na alama ya kulengea vikutane mita 25 kutoka kwa mfyatuaji, na kifaa kiko sentimita 6 juu ya mtutu. Kwa makadirio ya kawaida, risasi itakuwa juu ya alama kwa sentimita moja hivi katika mita 50. Hiyo ni tofauti isiyomsumbua mtu.

Katika mita 100 itakuwa imeshuka sentimita 15 hivi chini ya alama. Katika mita 150 itakuwa imeshuka zaidi ya nusu mita, na aliyelenga kifua atakuwa amepiga paja, au amemkosa kabisa.

Maana yake ni kwamba silaha hii ni ya mita 100 kurudi nyuma. Kifaa chochote kinachouzwa kwa sifa ya kuvuta karibu kitu kilicho mita 300 mbali ni mzigo juu yake. Darubini haimwongezei mtu nguvu ya risasi.

Lipo jambo jingine ambalo wengi hulisahau, nalo ni la karibu sana. Kwa kuwa kifaa kiko juu ya mtutu, risasi inapotoka huwa chini ya mstari wa jicho. Katika mita 5, ambazo ni urefu wa sebule, risasi hupiga sentimita 4 au 5 chini ya alama.

Sentimita 5 si kitu mbele ya ubao wa mazoezi. Lakini ni jambo kubwa pale ambapo mhalifu amejificha nyuma ya mateka, na kichwa chake tu ndicho kinachoonekana. Kasoro hiyo haiondolewi na kifaa cha bei ghali. Huondolewa na mazoezi ya mtu kujua silaha yake inapiga wapi katika kila umbali.

Vifaa vyenyewe

Kifaa cha kwanza ni vyuma vya kulengea vya tangu jadi: ncha ya mbele na pengo au tundu la nyuma. Havihitaji betri, havivunjiki kwa urahisi, na huja na bunduki nyingi bila malipo ya ziada.

Udhaifu wake ni kwamba jicho hutakiwa kupanga vitu vitatu kwa mara moja, yaani pengo, ncha na shabaha, ilhali haliwezi kuona vyote kwa uwazi ule ule. Sisi tuliovuka miaka 50, ambao hatusomi gazeti bila miwani, twajua jinsi ncha ya mbele inavyogeuka ukungu.

Cha pili ni kifaa cha nukta nyekundu. Filamu zimewafanya wengi wadhani kwamba hiki hutupa mwale mwekundu kwenye kifua cha anayelengwa. La hasha. Taa ndogo iliyo ndani ya kifaa huakisiwa na kioo, na nukta huonekana na mfyatuaji tu, kana kwamba imeelea juu ya shabaha.

Kampuni ya Aimpoint ya Uswidi ilitoa kifaa cha kwanza cha kielektroniki cha aina hii mwaka wa 1975, na kufikia 1997 jeshi la Marekani lilikuwa limekichagua kwa bunduki zake. Leo ndicho kinachotawala katika mashindano ya karabini.

Sifa yake kuu ni kasi, lakini kwa maoni yangu kasi si sababu kubwa ya kukipendelea. Sababu kubwa ni kwamba mfyatuaji hulenga macho yote mawili yakiwa wazi. Huendelea kumtazama anayelengwa, mikono yake, na watu waliomzunguka. Anayechungulia ndani ya darubini huona duara dogo tu, na mtoto anayevuka kutoka upande wa kushoto huwa hayumo ndani ya duara hilo.

Ukubwa wa nukta nao ni wa kuzingatiwa. Hupimwa kwa dakika za pembe, ambapo dakika moja ni sehemu ya 60 ya digrii, sawa na takriban sentimita 3 katika mita 100. Nukta ya dakika 2 hufunika sentimita 6 hivi katika umbali huo. Ya dakika 6 hufunika zaidi ya sentimita 17.

Nukta kubwa huonekana upesi na huwafaa wanamichezo wa mbio fupi. Ndogo huwafaa wanaotaka uhakika. Kwa silaha ya mita 100 kurudi nyuma, nukta ya dakika 2 hadi 4 hutosha kwa wengi.

Aina ya tatu ni ya holografia, ambayo mchoro wake huwa duara lenye nukta katikati, unaotengenezwa kwa mwanga wa leza. Wengi huupenda mchoro huo, lakini kifaa hiki hula betri upesi. Baadhi ya vile vya nukta nyekundu huwaka hadi saa 50,000 kwa betri moja, yaani zaidi ya miaka 5, ilhali vya holografia huhesabiwa kwa mamia ya saa au saa 1,000 hivi.

Ya nne ni kifaa cha prizimu, ambacho alama yake imechorwa kwenye kioo chenyewe. Huendelea kufanya kazi hata betri ikifa. Aidha, huwafaa watu wenye kasoro ya jicho inayofanya nukta ya mwanga ionekane kama nyota iliyotawanyika. Mtu anayeona nyota badala ya nukta asilaumu kifaa kabla ya kumwona daktari wa macho.

Isitoshe, karabini nyingi za bei nafuu hutumia chuma kizito kinachorudi nyuma kwa nguvu ya risasi bila kufungwa mahali pake. Mshtuko wake ni mkali kuliko wanunuzi wanavyotarajia, nao hulegeza skrubu na kuua vifaa hafifu.

Hapo ndipo penye mtego wa bei. Nchini Marekani kifaa cha nukta nyekundu hupatikana kwa dola 150 au 200, na kingine kinachofanana nacho kikauzwa dola 800 au zaidi. Vipo pia viigizo vilivyoundwa kwa bunduki za mchezo, zinazofyatua vidonge vya plastiki, ambavyo kwa macho hutofautishi na vile vya kweli. Sura haisemi chochote. Kinachosema ni majaribio.

Chema chajiuza

Hata hivyo, asidhani mtu kwamba bei kubwa na jina kubwa ni kinga. Kisa cha vifaa vya EOTech kinatosha kuwa onyo.

Kampuni hiyo, iliyokuwa chini ya L-3 Communications, ilikuwa imeuzia jeshi la Marekani, idara ya usalama wa ndani na shirika la upelelezi la FBI vifaa vya holografia. Ilidai kwamba vingefanya kazi katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sufuri na katika joto la nyuzi 60 za Selsiasi, na pia kwenye unyevu.

Ukweli ulikuwa tofauti. Alama ya kulengea ilipotoka katika baridi. Joto lilipopanda au kushuka, alama ilihama mahali pake, na mahali palipolengwa hapakuwa tena pale risasi ilipokwenda. Serikali ya Marekani ilidai mahakamani kwamba kampuni ilizijua kasoro hizo kwa miaka kadhaa bila kuwaambia wanunuzi wake.

Machi 2015, FBI iligundua kasoro ya joto kwa majaribio yake yenyewe na kuipelekea kampuni matokeo pamoja na video. Novemba mwaka huo kesi ikamalizwa kwa L-3 kukubali kulipa dola milioni 25.6. EOTech ilipata wamiliki wapya mwaka wa 2020, nayo ingali sokoni.

Tafakari uzito wa jambo hilo. Hili ni jeshi lenye bajeti kubwa kuliko yote duniani, lenye maabara na wahandisi. Askari wake walipelekwa Afghanistan na Iraq, nchi za jua kali mchana na baridi kali usiku, wakiwa na vifaa ambavyo alama yake ingeweza kuhama pasipo wao kujua. Aliyefichua kasoro ya joto hakuwa muuzaji. Alikuwa mnunuzi aliyeamua kupima mwenyewe.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya silaha hata kibaya hujiuza vizuri, mradi mnunuzi asipime.

Na sisi je?

Sheria yetu ya Silaha, Sura ya 114, humtaka raia awe na leseni kabla ya kumiliki bunduki, na Desemba 2018 serikali iliagiza wenye leseni wote wapigwe msasa upya. Msasa wa aina hiyo huuliza kama mtu ana akili timamu, kama ana rekodi ya uhalifu na kama anaihitaji silaha. Yafaa pia kumuuliza kama ameisawazisha silaha yake na kama anajua inapiga wapi katika mita 5, 25 na 50.

Kwa upande wa maafisa wa usalama, jambo hili ni zito zaidi. Hao hufanya kazi katika mitaa ambayo kuta zake ni mabati. Risasi ya milimita 9, licha ya kuwa dhaifu kuliko ya G3 au ya AK-47, hupenya bati kama karatasi. Anayekosa shabaha Mathare au Kibera hapigi ukuta. Hupiga jirani aliyelala.

Wapo watakaohoji kwamba tatizo letu si vioo wala nukta, bali ni nidhamu. Wana hoja. Mwishoni mwa Machi 2020, polisi wakitekeleza kafyu, mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao mtaani Kiamaiko, Nairobi, na afisa mmoja akafikishwa mahakamani kwa shtaka la mauaji. Hakuna kifaa duniani kinachoweza kumzuia mtu kufyatua risasi ambayo haikupaswa kufyatuliwa.

Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 ndilo linaloeleza ni lini afisa anaweza kutumia bunduki. Hilo hutangulia. Lakini sheria hiyo inapomruhusu afisa afyatue ili aokoe maisha, raia ana haki ya kutarajia kwamba risasi itakwenda pale ilikolengwa. Nidhamu bila kifaa sahihi ni nusu ya kazi, na kifaa sahihi bila nidhamu ni balaa.

Wengine watasema kwamba ununuzi wa vyombo vya usalama ni siri. Ni kweli kuwa sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 huviruhusu vyombo hivyo kununua baadhi ya bidhaa kwa njia isiyotangazwa. Idadi ya bunduki na mahali zinakohifadhiwa ni siri inayoeleweka.

Hata hivyo, ushahidi kwamba kifaa kilijaribiwa na hakikuhama hauwezi kumfaidi adui. Usiri wa namna hiyo humkinga muuzaji, haulindi taifa. Kamati ya Bunge inayohusika na usalama inaweza kuuona ushahidi huo faraghani, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akathibitisha kwamba upo.

Majaribio yenyewe hayahitaji maabara ya mamilioni. Bunduki hufungwa kwenye kishikio imara na kufyatuliwa risasi 5 katika mita 25. Kisha huachwa juani saa kadhaa, ikafyatuliwa tena. Halafu huwekwa penye baridi, ikafyatuliwa mara ya tatu. Matundu yakilinganishwa, ukweli huonekana kwa rula ya mwanafunzi wa shule ya msingi.

Kifaa kikihama kwa dakika 4 za pembe, matundu yatakengeuka sentimita 3 hivi katika mita 25. Mtu anaweza kuzipuuza, lakini sentimita 3 hizo ni karibu sentimita 12 katika mita 100.

Mungu ametupa nchi inayofaa kwa kazi hiyo. Asubuhi ya Kiganjo, chini ya Mlima Kenya, ni baridi ya kutetemesha. Mchana wa Lodwar hufikia nyuzi 35 na zaidi. Unyevu wa Lamu na chumvi ya Bahari ya Hindi hula chuma, sembuse betri. Kifaa kinachofaulu katika sehemu hizo tatu kinaweza kuaminiwa, na kinachofeli hata mojawapo kirudishwe kwa mwenyewe kabla ya hundi kuandikwa.

Baada ya hapo, kila afisa apewe muda na risasi za kutosha kusawazisha silaha yake mwenyewe, kwani kifaa kilichosawazishwa kwa jicho la mwingine huweza kumpotosha. Rekodi ya kila silaha iwekwe: ilisawazishwa lini, betri ilibadilishwa lini, na ilipimwa tena lini baada ya kuanguka. Vyuma vya jadi navyo vibaki chini ya kifaa kipya, kwani betri haina ahadi na mtu.

Kwa raia mwenye leseni anayewaza kununua, ushauri ni mfupi. Anza na umbali, si chapa. Epuka darubini juu ya risasi ya bastola. Chagua nukta ya wastani, au prizimu kama macho yako hutawanya mwanga. Kisha pima mwenyewe, kwenye uwanja ulioidhinishwa, kabla ya kukiamini kifaa hicho usiku.

Kwa serikali, ushauri ni mfupi zaidi: pasipo matokeo ya majaribio huru, pasiwe na malipo. Wamarekani walirudishiwa dola milioni 25.6 baada ya kudanganywa. Mpita njia aliyepigwa kwa sababu alama ilihama hana mahakama ya kumrudishia maisha yake.